Diski Kwenye Pindo la Mama Mkwe

Mimi darasa nililiona dirishani tu, nikipita na mbuzi wa baba. Lakini kompyuta yangu ya kupigia muziki naijua kuliko mgongo wangu. Nimeipigia sherehe nyingi hapa Milanzi, mpaka mbwa wa mtaa wanajua wimbo gani unafuata.

Sasa Alhamisi moja ikafa. Na Jumamosi ndiyo mdogo wa mke wangu anaagwa aende kuolewa. Mama mkwe alitaka muziki wa kukodi, ule wenye maspika kama makabati. Mimi na kimbelembele changu nikasema: "Mkwe wenu nipo, mnakodi wa nini?" Kwa hiyo muziki ukikosekana, jina langu linazikwa pale pale, bila hata jeneza.

Nikaikumbatia kompyuta mpaka kwa fundi mmoja karibu na soko. Akaifungua, akaichungulia kama mganga.

"Mzee, diski ya ndani imekata roho. Nyingine tuagize Mbeya."

"Inafika lini?"

"Wiki ijayo."

"Wiki ijayo mimi nitakuwa nimeshavuka ziwa, naishi Kongo."

Akacheka. Akaniuliza kama nina diski ya nje, ile ya kuchomeka kwa waya, wao wanaiita eksteno. Ninayo, ndiyo ninayowekea nyimbo. Akasema, "Basi tunaipiga window humo humo, ile programu ya kuendeshea kompyuta. Kompyuta itawakia nje."

Nikamwambia hiyo ni sawa na mtu kutembea na moyo wake mfukoni. Akasema ndiyo, ni hivyo hivyo.

Akahamisha nyimbo pembeni, akaitengea diski chumba cha window na chumba cha nyimbo. Window ikagoma, haikutaka kulazwa nje. Akasema ana njia yake. Akawa anaizima, anaiwasha, anadonoa kitufe kama kuku kwenye ulezi, ili kompyuta iulize: niwakie wapi? Anaionyesha diski ya nje. Tulikaa pale mpaka mimi ndevu zikaota, nikanyoa, zikaota tena. Ghafla kioo kikawaka bluu kama anga la Ufipa mwezi wa sita. Nilimbeba fundi juu juu, watu wakadhani tumepigana.

"Mzee, nishushe. Sikia: muziki ukiwa unalia, usiichomoe. Ukiichomoa umeiua."

Jumamosi nikafunga turubai langu, meza, maspika. Upepo ulikuwa wa kwetu ule, unaopita kwenye koti, shati, fulana, unakusalimia mfupa mmoja mmoja. Ile diski ikawa inaning'inia pembeni mwa meza kwa waya wake, ya moto, inakonyeza kijitaa chake.

Muziki ukaanza. Jamani! Vumbi lilipanda, nasikia hata kule ziwani Kirando samaki walirukaruka. Wakati bibi harusi yuko getini anasubiri wimbo wake wa kuingilia, mimi nikageuka kidogo kurekebisha spika. Kugeuka tena, kimya. Kioo kimeganda. Natazama pembeni mwa meza, diski hamna!

Mke wangu akanijia mbio. "Baba watoto, usipige kelele. Mama kapita hapa."

"Kapita, halafu?"

"Kaona kitu kinaning'inia, akasema wezi watakibeba. Kakichomoa, kakifunga kwenye pindo la kanga. Anasema kina joto zuri."

Kwetu mama mkwe hasogelewi. Siku moja nilimwona njiani nikajificha kwenye shamba la mahindi, nilipotoka yalikuwa yameshavunwa. Leo niende nikafungue pindo la kanga yake, mbele ya ukoo mzima?

"Kachukue wewe!"

"Mimi? Nimeitwa getini, bibi harusi analia huko!" Akaondoka.

Nikabaki na kipaza sauti, maana hicho hakitegemei kompyuta. Nikapiga magoti, nikampa mama mkwe mgongo, nikalikabili spika.

"We spika," nikasema, "mwambie mama, shikamoo. Mwambie kile cha moto alichokihifadhi ndiyo roho ya muziki. Bila hicho, kompyuta hii ni ungo wa kupepetea ulezi."

Watu wakaangua kicheko, mzee mmoja akamwaga pombe yake yote. Nikasikia sauti nyuma yangu, kali:

"We spika, mwambie huyo mkwe wangu, roho ya kitu haiachwi inaning'inia kama soksi!"

Akafungua pindo mwenyewe, akampa shangazi yake mke wangu, shangazi akaniletea. Nikaichomeka. Nikadonoa kile kitufe. Kioo cheusi. Kikaandika maneno yake, mimi siyajui, nikayaamkia shikamoo na yenyewe.

Sasa kuwaka kunachukua muda, na bibi harusi yuko getini kwenye baridi. Mama mkwe akasimama, akapiga kigelegele, akaanzisha wimbo wa Kifipa. Wanawake wote wakadaka. Shemeji yangu akaingia anacheza, machozi na meno pamoja. Alipofika katikati ya uwanja, kompyuta ikafufuka, nikausukumia muziki chini ya sauti zao, polepole. Tulicheza mpaka turubai likang'oa vigingi vyake likacheza nalo.

Diski ya ndani ilishafika kutoka Mbeya zamani. Sijaiweka. Maana wiki ile ile ilipofika, shangazi aliniletea kifuko cha kitenge, kimeshonwa kwa mkono, kina kitundu cha kupitishia waya na kamba ya kufungia mezani.

"Mama mkwe wako kasema ukivalishe kile kitu, kisipigwe baridi," akasema shangazi. "Na harusi ya mjukuu wake, muziki ni wako."