Arobaini na Tano ya Orville

Orville Stamper alikuwa na mdomo, na mdomo huo ulikuwa na makao yake: kigoda cha mbele ya kaunta katika duka la bunduki la mjini kwao, Oklahoma. Tangu astaafu kiwandani, mteja hakuweza kuulizia bastola ya kujilindia bila kumsikia yeye kwanza. "Bastola ya arobaini na tano, ndugu yangu, yenye risasi nene. Milimita tisa ni ya kuulia panya. Utamtekenya mwizi!"

Mkewe Lavonne, muuguzi anayetembelea wagonjwa majumbani, aliomba milimita tisa, nyepesi, inayomkaa mkononi. Akanunuliwa arobaini na tano. Akawa anakosa shabaha, na hata kile chuma cha juu kinachovutwa ili risasi iingie, kilimshinda. Orville akalipeleka kaunta jambo hilo. "Mke wangu ana mikono ya siagi!" Watu wakacheka mpaka kahawa ikawapalia.

Jumamosi moja akampeleka kwa Darlene, mwalimu wa shabaha, akamnong'oneza: "Mchanganyie risasi za bandia, ajionee anavyoogopa mlio." Bandia haina baruti. Mpigaji hajui imekaa wapi, na zamu yake ikifika, mkono wenye woga hushtukia mlio usiokuja, ukajiumbua wenyewe.

"Sawa," Darlene akasema. "Ila tunaanza na wewe, bingwa."

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Risasi ya kwanza ya Orville ililia. Ya pili, kimya; na katika kimya kile mtutu ukainama chini kama kuku anayedonoa, naye kafumba macho. Darlene hakucheka, na hilo lilimchoma Orville kuliko kicheko. Kisha Lavonne akapewa milimita tisa ya Darlene. Bandia ilipofika, mtutu haukutikisika, na matundu yote ya risasi zake kwenye shabaha ungeyafunika kwa kisosi.

Garini Orville aliangalia barabara tu.

"Ile bastola yako uliyoninunulia," Lavonne akasema, "sijaibeba tangu Krismasi. Iko kabatini, chini ya mablanketi."

"Na yule mwanamume wa Februari? Aliyekufuata mpaka kwenye gari?"

"Nilikuwa na funguo mkononi. Basi."

"Mbona hukuniambia kwamba huibebi, mama?"

"Nikuambie, ukalipeleke kaunta?"

Aibu ilimpanda Orville mpaka masikioni. Mke wake alikuwa ametembea miezi yote ile mikono mitupu, kwa kuogopa kuchekwa naye. Akageuza gari kurudi mjini.

Dukani wakampokea kwa shangwe kama kawaida.

"Nataka milimita tisa," akasema, bila kukikalia kigoda. "Mbili."

"Mbili!" mmoja wao akadakia. "Kwani panya wamezidi kwako?"

"Moja ya Lavonne, achague mwenyewe. Nyingine yangu." Uso wake ulikuwa unawaka. "Mimi ndiye ninayeogopa mlio. Yeye haogopi."

Wakacheka, wakidhani anatania. Alipogeuka kumtafuta mkewe, Lavonne alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote, hacheki; yeye alijua si utani.