Begi la Harusi na Mkia wa Gari Yangu

Naanza na aibu yenyewe, kwa sababu najua mlishaisikia na kila msimuliaji ametia chumvi yake: ni kweli, ni mimi Raya, fundi cherehani wa Madungu, niliyemwaga nguo za bi harusi mbele ya watu wa Mgogoni, na ni kweli sidiria zilikuwemo. Sasa tulieni, maana waliowahadithia huishia kwenye sidiria, na utamu uko mbele.

Gari yangu mnaijua. Nyekundu, milango miwili, imelala chini hata ukikaa unahisi umekaa mkekani. Niliinunua kwa mtu wa Unguja aliyeichoka, na tangu ilipoteremka bandarini Mkoani kaka yangu Sleyum hakuipenda, akisema gari ya mbio haimfai mwanamke wa umri wangu, niiuze, mnunuzi atamtafuta yeye. Mimi naipenda kuliko nilivyompenda mume (yuko hai, yuko Mtambwe kwa mke mwingine). Lakini ilikuwa na ugonjwa. Ukienda taratibu imetulia, ukikaza mwendo halafu ukainua mguu, ukaachia mafuta kwenye kona, mkia unatoka, nyuma yote inateleza nje. Nikabadilisha matairi ya nyuma, nikapunguza upepo, nikaongeza, ugonjwa ule ule, wala sikumwambia mtu, maana Sleyum angepata la kusema.

Ndipo mtoto wa Sleyum akaposa Konde, ikafika siku ya kupeleka begi, lile la nguo na manukato ambalo upande wa mume humpelekea bi harusi. Wifi yangu Bi Mize, mke wa Sleyum, akataka liende na gari yangu, kwani ndiyo nzuri kuliko zote ukoo mzima. Ningekataa, mambo yangeishia hapo. Lakini nikawaza, huu mkia unaruka kwa sababu ni mwepesi, tukiukandamiza kwa mzigo utatulia (akili ya fundi cherehani hiyo, kitambaa kikiruka unakiwekea pasi juu yake). Begi halikuenea kwenye buti, mlango ukagoma kufunga, nikaufunga kwa utepe wa mapazia, nikapiga fundo, tukaondoka, mimi na Bi Mize mbele, na nyuma yetu pikapu ya Sleyum imejaa kina mama na vigelegele.

Ulikuwa msimu wa karafuu, karafuu zimeanikwa majamvini kando ya barabara. Kabla ya kona ya Mgogoni pana mteremko, nikaushuka kwa mwendo (watu wanakupigia vigelegele, utakwenda kama unapeleka mgonjwa?), nikaiona kona, nikaachia mafuta. Mkia ukatoka, ukaendelea kutoka, gari ikageuka nzima hata nikatazamana uso kwa uso na pikapu ya kaka yangu. Utepe ulikatika. Begi liliruka, likafunguka, na vyote vilivyokuwemo vikatua juu ya jamvi la karafuu la Bi Zuwena, mwanamke ambaye nilikuwa simjui na leo ndiye shoga yangu.

Vigelegele vilikoma. Bi Zuwena hakututukana, alilionyesha jamvi lake kwa kidole.

"Hino karafuu jasho la watu, mwanangu. Okoteni nguo zenu, lakini punje isiondoke."

Basi tukapiga magoti sote na nguo zetu za harusi, tunakung'uta khanga na sidiria mojamoja, na wanaume ndio kwanza wanatoka msikitini kusali alasiri. Sijapata kuona haya vile maishani mwangu.

Sleyum akashuka kwenye pikapu na kanzu yake nyeupe, akaninyooshea mkono. "Lete ufunguo. N'shakwambia, hino si gari yako weye."

"Gari ina kitu nyuma, kaka."

"Kitu kimo mkononi mwako."

Akasema ataipitisha mwenyewe kona ile ile, watu waone, na akipita salama ufunguo haurudi kwangu. Kaka mkubwa, mbele ya watu, nifanyeje? Nikampa. Sare za skuli nilizozishona mpaka macho yakauma ili niipate gari ile, zote zilinijia kichwani, nikageuka nisionekane ninalia.

Akaipandisha mpaka juu ya mteremko, akageuza, akashuka nayo kiwiko kikiwa dirishani. Akafika konani, akaachia mafuta kama nilivyoachia mimi, mkia ukatoka, na kwa kuwa yeye alikuwa na mbio zaidi, gari haikusimama barabarani bali ilimteremsha bondeni hadi kwenye mpunga. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Alitoka na tope mpaka kiunoni, kofia haijulikani ilipo, na watu wote walijizuia kucheka isipokuwa Bi Mize, mkewe, aliyecheka mpaka akakaa chini.

Lakini mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeona jambo. Mkia ulitoka vile vile, na mikono ilikuwa miwili tofauti. Basi kosa si la mkono.

Mtu mmoja aliyekuwa akipita na gari la ng'ombe akafungua wanyama wake wakatuvutia gari mpaka barabarani. Nikafungua mkoba (fundi hatembei bila uzi), nikaukaza uzi ubavuni, kutoka tairi ya mbele mpaka ya nyuma. Uzi wa upande wa kulia ulilala juu ya tairi ya nyuma sawasawa. Wa kushoto uligusa ukingo wa mbele tu, nyuma yake pakabaki nafasi ya kidole. Tairi ilikuwa inatazama nje, njia yake peke yake. Nikaisukuma kwa mguu, ikacheza kama jino bovu. Nikalala chini na nguo yangu ya harusi, nikachungulia. Pale penye bushi, kile kipira kinachoshika mkono wa chuma wa tairi, mtu, bila shaka yule wa Unguja, alikuwa ametia kipande cha kandambili ya buluu, hata tundu la ukanda linaonekana, na kimechanika. Nikakivuta, nikasimama.

"Kweli, kaka," nikamwambia. "Kitu kimo mkononi mwangu. Kitazame."

Alikitazama sana. Kisha akanirudishia ufunguo, na Bi Zuwena ndiye aliyeanza kupiga kigelegele.

Tulikwenda Konde taratibu hata gari la ng'ombe likatupita, mwenyewe akanipungia mkono. Kufua nguo hapakuwa na wakati. Bibi wa bi harusi akafungua begi, akainua khanga, akainusa, roho zetu zikawa mkononi.

"Nguo zimetiwa karafuu," akawaambia wenzake. "Hawa wanajua kumtunza mtu."

Bi Mize alinibana mkono mpaka ukauma. Sleyum alikuwa nje, kisimani, anafua kanzu.

Bushi mpya ilikuja kwa meli, ikatiwa, na sasa kona ya Mgogoni naipita na mkia umetulia kimya, nikimpigia honi Bi Zuwena. Nimeapa sitibu tena ugonjwa wa gari kwa kuupakia mzigo, na buti lisilofunga sisafiri nalo, hata lifungwe kwa mnyororo.

Sleyum alikaa siku nyingi bila kupita dukani kwangu. Kisha akaja asubuhi moja, akakaa kwenye kibao cha wateja, akazungumza mvua, akazungumza bei ya sukari, mimi nashona tu. Mwisho akasema pikapu yake inavuta kushoto, hajui ina nini, akauweka ufunguo wake juu ya cherehani yangu.

Nikachukua uzi, nikatoka nje.