Kriki ya Baba ya Mukwe Wangu

Majina ya watu mimi ninayashika. Wa Kirolirwe wote, tangu wale tuliopanda nao viazi tukiwa wasichana mpaka watoto waliozaliwa juzi, uniulize tu. Hata majina ya ng'ombe waliokufa. Lakini jina la mukwe wangu halitoki kinywani mwangu. Kwetu mama hamwiti mume wa binti yake kwa jina, hamuangalii machoni, wala hasemi naye uso kwa uso. Akiwa na neno anamwambia binti, na binti analipeleka. Mimi ile heshima ninaipenda. Inakupa nafasi ya kupima neno mbele ya kulituma.

Sasa binti yangu alijifungua kule Ntoto, na mukwe akapanda na jipu yake kuja kunichukua. Ile jipu njo kazi yake: anashusha chumvi na sabuni, anapandisha mafuta ya ngazi, yale mekundu ya mawese. Inapita fasi ambazo mbuzi anafikiri kwanza. Nilikaa nyuma juu ya mifuko ya viazi, kama inavyotakiwa, na kuku ya kumpikia mzazi mapajani. Tulipotoka nikaona shida yangu: binti hayuko. Nani atapeleka maneno?

Tulipovuka Masisi, mupira ukatoboka. Mukwe akashusha kriki yake ya kuinulia gari. Yee! Chuma kirefu karibu urefu wangu, matundu juu mpaka chini, na mukono wa kusukuma. Ilikuwa ya marehemu baba yake, aliyechunga ng'ombe hapa kwetu Kirolirwe. Mwenye shamba alimuachia, kwa sababu walikuwa wanang'olea nayo nguzo za senyenge. Mzee hakuacha kitu kingine.

Kuinua, iliinua vizuri. Lakini wakati wa kushusha, mukono ulimponyoka ukaanza kuruka juu na chini kama ndama aliyeumwa na nyuki. Ulipita hapa, karibu na kidevu chake. Yeye akacheka. Mutoto hajamaliza hata juma moja duniani, na baba yake anacheka na chuma.

Basi nikaongea na kuku.

"Mama kuku," nikasema kwa nguvu, "umeiona ile kriki? Inatafuta meno ya muntu."

Mukwe alikuwa anakaza buloni za gurudumu. Hakugeuka. Akauambia mupira, "Mwambie kuku, hii kriki ni mzee. Mzee hana mbio, lakini anafika."

"Kuku anasema hata wazee wanaanguka."

"Ha! Kuku amepanda bure, tena anafundisha shofa kazi!"

Nilicheka ndani ya kitenge ili asinione. Ni kijana mwema. Tangu amuoe binti yangu sijasikia sauti yake ikipanda ndani ya nyumba.

Mbele, pale milima inapoanza kuingia musituni, tukasikia chini ya jipu paa! Chuma kimoja cha vile vinavyobeba gari juu ya magurudumu kilikuwa kimevunjika. Ilibidi kukifunga kwa raba ili tufike, na kwa kukifunga lazima muntu aingie chini. Potopoto ilikuwa nyingi, udongo laini kama uji. Akasimamisha ile kriki ndefu juu ya jiwe, kwa sababu muguu wa kriki ni mdogo kama kisahani cha chai. Kisha akakata mugomba vipande, akaviweka mbele ya magurudumu na chini ya jipu. Mashofa wote wa njia yetu wanafanya hivyo. Mugomba uko karibu, panga linapita kama kwenye siagi, na ukitazama unaona kitu kinene kweli.

Lakini sisi tunaolima ndizi tunajua kilicho ndani.

"Mama kuku," nikasema, "mugomba ni maji. Ukiukamua na mukono unatoka jasho."

"Kuku atulie. Ninaingia, ninatoka."

Akalala mugongo, akaingia. Miguu tu njo ilibaki nje. Mimi nilisimama kando ya njia, macho kwenye lile jiwe. Likaanza kuzama upande mumoja, polepole. Kriki ikainama kama mzee anayesinzia katika misa. Binti hayuko. Kuku nayo haingenisaidia.

Nikamwita kwa jina. Lote! La ubatizo, na lile la babu yake alilopewa mbele ya ubatizo.

Baadaye alimwambia muke wake kwamba, kama ningepiga kelele nyingine yoyote, angeuliza, "Nini?" Lakini kusikia jina lake katika kinywa cha mama mukwe, mwili ulitoka wenyewe mbele ya akili. Alitambaa kwa viwiko. Jipu ikashuka nyuma yake puu! Mugomba ukapasuka, maji yakaturukia, kriki ikatupwa mpaka kwenye mufereji.

Tukaangaliana machoni, yeye na mimi. Mara ya kwanza. Kisha akainamisha kichwa, akamtafuta kuku.

"Mama kuku," akasema, "asante."

Ilikuja kamiyo, gari kubwa lililobeba mbao, ikatusaidia. Shofa wake alikuwa na kriki fupi nene ya mafuta, umbo la chupa, na ubao munene wanaouita madriye. Aliweka madriye juu ya potopoto, kriki juu ya madriye, akainua. Hakuruhusu muntu kuingia. Alipanga kwanza vipande vya mti mugumu kwa kupishanisha, akashusha jipu mpaka ikakaa juu yao, akaisukuma kwa bega kuijaribu.

"Kriki ni ya kuinua," akasema. "Ya kukalisha gari ni mti. Sasa ingia, kaka."

Kile chuma kikafungwa, tukafika Ntoto. Binti yangu aliposikia habari alicheka, akalia, akacheka tena, mutoto akinyonya. Kisha akasema sheria ni sheria: mama amemtaja mukwe, atoe kuku. Na mimi kuku nilikuwa nayo moja tu! Nikamtolea mukwe. Akakataa kabisa ichinjwe. Mzazi akapikiwa samaki.

Wakati wa kurudi tulisimama Masisi, penye duka la vyuma. Mukwe akaingia na kuku chini ya kwapa.

"Papa, hiyo kuku unauza?" muchuuzi akauliza.

"Hapana. Imekuja kuchagua kriki."

Kulikuwa na moja ndefu, sawa na ile ya baba yake, mupya, nyekundu. Mukono wa mukwe ulienda kwake wenyewe.

"Kuku anauliza," nikasema, "mukono wa hiyo ukiponyoka, unaenda wapi?"

Akairudisha. Ya pili ilikuwa ya kujikunja kama miguu ya panzi, nyepesi. Hiyo ni ya taksi za mujini, kwenye jipu haifiki hata tumboni. Ya tatu ilikuwa ya mafuta, ile ya chupa. Kuku akauliza kuhusu upana wa muguu. Kuku akauliza kama itabeba jipu pamoja na viazi, na muchuuzi akaonyesha uzito ulioandikwa kwenye chuma. Halafu mukwe akainua nayo jipu yetu hapo hapo inje, akapima urefu kwa kijiti, tukanywa chai, akapima tena. Haikuwa imeshuka hata kidogo.

"Mama anasemaje?" muchuuzi akauliza.

"Mama hajasema kitu," mukwe akajibu. "Ni kuku."

Tulichukua hiyo, na kwa seremala tukapata madriye na vipande vya mti mugumu.

Ya baba yake, tuliyoiokota muferejini, tulifika nayo Kirolirwe. Akaishusha, akasimama ameishika kama muntu anayeshika mukono wa mugonjwa. "Mama kuku," akasema, "hii ni baba."

Nikajibu, "Kuku anasema baba alikuwa muntu wa ng'ombe. Gari hakuwa nayo. Arudi kwa ng'ombe wake."

Akachimba shimo kwenye mulango wa lupango, ule ua wa ng'ombe, akaisimika, akashindilia udongo kwa kisigino. Hapo njo ninafunga ndama wangu. Kuku ilirudi Ntoto na jipu, inataga kule.

Mukwe akipita njia yetu hasimami siku zote, mizigo inamngoja. Lakini anapunguza mwendo, anatoa kichwa inje, anamwambia ndama kwa nguvu, "Mwambie bibi, madriye iko ndani!"

Na mimi ninamwambia ndama, "Nimesikia."