Jiwe la Kusagia Chokoleti

Nakiri: ni mimi niliyetaka tubaki ugenini. Miaka yote nimedai kwamba nilikuwa mdogo, sikumbuki. Lakini leo, jikoni kwangu Azaiba, hapa Maskati, binti yangu amechemsha chokoleti kwa mdalasini, na harufu imenirudisha kule.

Mama alikuwa amepelekwa Meksiko kusomea Kihispania. Mimi nilishinda na mwenye nyumba wetu, mwanamke mnene aliyepiga magoti mbele ya jiwe lililopashwa moto, akisaga kakao mpaka ing'ae kama tope la wadi, mto mkavu wa kwetu, baada ya mvua. Kisha hunipaka kidogo kiganjani. Nikihisi chembe, natikisa kichwa, naye anasaga tena. Kihispania changu chote kilikuwa kutikisa kichwa, na mpaka leo sijakiongeza.

Mama alikuwa akilia jioni, akitaka kuacha masomo turudi Maskati. Siku moja Bibi akapiga simu kutoka nyumbani, akamsikiliza, kisha akaniita mimi.

"Na weye, mwanangu, wataka kurudi?"

"Chokoleti haijesha, Bibi."

Akacheka.

"Nna hamu nanyi. Lakini mwambie mamako asome. Sisi tupo."