Maharage Yasiyo na Chumvi

Nakumbuka mchana mmoja pale Msamala, mwanangu, na kila nikiukumbuka damu inanichemka kana kwamba ni jana. Nakusimulia kwa sababu umeniambia ulikosa jaribio huko chuo kikuu kwa maumivu ya hedhi, kisha ukamwambia mhadhiri wako ulikuwa na malaria. Eti malaria.

Mimi nilisoma chuo cha ualimu, miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka ya Mfaranyaki yalikuwa yamejaa redio, mitumba na sabuni za kunukia ambazo hatukuwahi kuziona. Kila kitu kilikuwa ruksa, isipokuwa msichana kusema tumbo linamuuma. Tulikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya msingi, wasichana kwa wavulana, tukipika kwa zamu. Siku hiyo zamu ilikuwa yangu, na hedhi ilikuwa imenijia alfajiri. Kwangu siku hizo hazikuwa mchezo. Nilikuwa natapika, kiuno kinakatika, miguu haina nguvu.

Wewe umekulia mjini, labda hujui. Kwetu mwanamke aliye kwenye siku zake hatii chumvi kwenye mboga. Bibi alinifundisha hivyo nilipovunja ungo, akaniambia nikikiuka watakaokula watashikwa na kikohozi kisichopona. Unamwomba mtoto au mwenzako akutilie. Mimi nilimtegemea rafiki yangu Konsolata, naye alikuwa amechelewa kisimani. Nikapakua maharage hivyo hivyo.

Mkufunzi wetu alikuwa amekuja kunipima somo la mwisho, lile la kuamua kama nitapata cheti au la. Akala nasi. Alipoonja tu akacheka, akawaambia wavulana kwamba leo mpishi yuko kwenye siku zake. Wakacheka wote. Hakuna aliyehitaji kuelezwa, nami nikainamisha kichwa kama niliyeiba.

Baada ya chakula nikaingia darasani kufundisha hesabu. Katikati ya somo maumivu yakanikunja. Nikashika meza, nikaketi, nikatoka nje kutapika, nikarudi. Watoto wa watu walinitazama kwa huruma, masikini. Mkufunzi akaniita mlangoni, akasema mwalimu hafundishi amekaa, wasichana tunapenda kudeka, na yeye haelewi naumwa nini. Nilikuwa nimefundishwa kunyamaza. Siku hiyo nilishindwa.

"Mkufunzi," nikamwambia, "kwenye maharage ulielewa. Sasa hivi mbona huelewi?"

Akafunga jalada lake, akaondoka. Akanifelisha. Nilirudia mazoezi wenzangu wakiwa wameshapangiwa shule za kufundisha, na nilipokwenda zahanati niliambiwa nikizaa maumivu yataisha. Nimezaa, na hayakuisha. Mpaka leo linaniudhi jambo hilo, mwanangu. Walitujua vizuri walipotaka kucheka, tulipohitaji msaada wakajifanya wageni.

Basi nisikilize. Usiyaite malaria. Ukiyaita malaria, mhadhiri atakuonea huruma kwa ugonjwa ambao si wako, na mwezi ujao utalazimika kutafuta uongo mwingine. Nenda hospitali, na daktari akikuambia usubiri kuzaa, tafuta mwingine. Kisha nenda ofisini kwa mhadhiri wako, msalimie kwa heshima, mwambie ilikuwa hedhi na ulishindwa hata kusimama, uombe kufanya lile jaribio. Akikunja uso, huo ni uso wake. Wewe usiondoke mpaka akupe jibu.

Mungu akupe nafuu mwilini na ujasiri mdomoni, akufikishe mwisho wa masomo yako. Na ukija kwangu likizo, siku zako zikikukuta hapa na ukawa na nguvu ya kusimama jikoni, chumvi tia mwenyewe. Nitakula.