Mara ya Nne

Mtafiti wa figo ameandika makala hamsini na mbili, ila anayoipenda kama mwanawe ni moja tu, ile iliyomla miaka sita wodini. Watafiti wenzake wameinukuu mara tatu, basi. Kila asubuhi, kabla hajakaa vizuri, hufungua kompyuta kuangalia. Jumatatu akakuta mara nne! Mbio mbio akampigia dada yake.

"Dada, kuna mtu amenisoma!"

"Hongera, mdogo wangu! Nani huyo?"

Akaifungua makala iliyomnukuu. Lo! Ilikuwa yake mwenyewe, ya mwezi uliopita. Alijinukuu, akasahau.

"Jamaa mmoja tu wa hapa kazini," akajibu kwa sauti ndogo.

"Basi mwalike kwako, bwana! Utakula peke yako mpaka lini?"