Jini wa Siku za Gulio

Cheti cha sekondari sikuwa nacho. Meno ya mbele sikuwa nayo. Jokofu sikuwa nalo. Na subira kwa mtu anayesema nyumba yangu ina jini, hiyo ndiyo sikuwa nayo kabisa.

Aliyesema ni Zaitun wa Kibondo, mama mkwe wa binti yangu Asia.

Maana kila Asia akituachia mwanawe Shamsi hapa Kasulu, aende gulioni kuuza vitenge, kesho yake mtoto anaharisha. Siku nyingine, mzima kama chuma.

Zaitun akapiga simu. "Mzee mwenzangu, mjukuu aje kwangu. Huko kwenu kuna kitu."

"Kitu gani?"

"Kitu."

Akakata.

Wiki ile Shamsi aliharisha mpaka macho yakadidimia. Asia akalia, "Baba, akipona nampeleka Kibondo."

Nyumba bila Shamsi ni nyumba gani?

Tukakimbilia zahanati. Muuguzi Niyonkuru akamwanzishia maji ya ORS, akatugeukia.

"Siku ya gulio anakula nini?"

"Uji," akajibu mke wangu Mwanahawa. "Naupika alfajiri, namimina kwenye chupa ya chai. Anakunywa mpaka jioni."

"Na siku nyingine?"

"Mama yake anampikia upya kila mara."

Muuguzi akanitazama. "Mzee, bakteria unawajua?"

Nikakohoa. Chezea mimi!

"Binti, chupa hiyohiyo nilizawadiwa shule ya jioni kwa kuongoza somo la sayansi. Bakteria huzaliana haraka penye chakula, unyevu, na..."

"Malizia, baba," Asia akasema.

"Na uvuguvugu."

Shamsi alikuwa ameshaanza kulilia kikombe. Mwanahawa akapata nguvu ya kucheka, kanga ikamdondoka begani.

"Kumbe jini ulipewa kwa makofi!"

Siku hizi uji unapikwa kidogo, mikono ikiwa imeoshwa, na mtoto anakunywa papo hapo. Chupa ni ya chai yangu tu. Ndugu msomaji, kabla hujamsingizia jini, chungulia kwanza chombo unachojivunia.

Jana nikamwandikia Zaitun, kwa mwandiko wa kuunganisha: "Jini tumemkamata. Mtoto habanduki."

Bahasha haikuwa na gundi. Nikachovya kidole kwenye uji uliolala, nikaifunga barabara, nikanawa kwa sabuni, nikamkabidhi kondakta wa basi la Kibondo.